Siku Wachinjaji Walipoingia Mtoni

Machinjioni walimwita Nyundo, na jina hilo halikuhitaji maelezo. Ndiye aliyesimama mwisho wa ule ujia mwembamba wa vyuma, juu ya kijukwaa cha saruji, ng'ombe wakiletwa mmoja mmoja, naye akiwashushia nyundo ya mpini mrefu katikati ya paji la uso. Kazi nyingine zote mle ndani, za kuchinja, kuchuna, kupasua na kuosha matumbo, zilisubiri mkono wake kwanza. Alikuwa na mabega yaliyojaza mlango, na shingo hakuwa nayo. Akivaa shati la kola, kola ilikosa pa kukaa. Lakini usije ukadhani jina alipewa kwa ajili ya ng'ombe. Alikuja nalo.

Alikuja nalo tangu utotoni. Baba yake alikuwa mfyatua matofali ambaye maneno yalimwishia mapema: neno la kwanza, la pili, halafu kofi. Katika nyumba ile watoto walijua kuinama kabla hawajajua kutembea vizuri. Huyu mmoja alipoota ndevu aliona kuinama ni ujinga, akaanza kurudisha. Alimpiga mwalimu wa zamu. Alimpiga utingo wa basi. Alimpiga mwenye nyumba wake wa kwanza, na akampiga bwana harusi kwenye harusi ambayo hata hakualikwa. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Msibani alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na gari la jirani likizama kwenye tope, ni yeye aliyeitwa. Ila hasira zake zilikaa puani, na mikono yake haikuwa na subira ya kungoja kichwa kiamue.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuonja mikono hiyo, naye ni mkewe. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mwenye sauti ya chini, mwanamke wa kuuma uzi kwa meno huku akikusikiliza. Nyundo alipenda kujisifu mbele ya watu kwamba tangu waoane hajamgusa hata kwa kidole. Alijisifu kama vile mtu anastahili zawadi kwa kutochoma nyumba yake mwenyewe, lakini ndiyo wanaume wengine walivyo.

Kisha ikaja siku ya shemeji. Mdogo wake mke, kijana mcheshi anayeuza vipuri vya pikipiki, alikuja kuwatembelea. Wakiwa mezani akauliza, kwa utani tu, kama shemeji yake alizaliwa na shingo ikaibiwa hospitali. Watoto wakacheka. Mke naye akacheka. Kufumba na kufumbua kijana alikuwa chini, kiti juu yake, meno ya mbele yamelala kwenye sahani ya wali. Mke aliwanawisha watoto mikono, akafunga nguo zao kwenye shuka, akaondoka nao kwenda kwa mama yake.

Nyundo alikwenda huko mara nyingi kuomba radhi. Alilia, na kilio cha mtu wa umbo lile kinatia aibu kukitazama. Mwishowe mke alikubali kurudi, kwa sharti moja, na alilisema akiwa anatunga uzi kwenye sindano, bila kupandisha sauti: "Siku nitakapouona mkono wako umempiga mtu tena, mimi na watoto hutatuona. Sitakuuliza kakukosea nini. Sitaki kujua nani alianza."

Basi Nyundo akala kiapo, na alikishika. Kila mori ulipompanda, alikuwa akichomeka mikono yake miwili kwapani, mkono wa kulia kwapa la kushoto, wa kushoto kwapa la kulia, akaibana huko mpaka damu ipoe. Binti zake wawili wakimwona amesimama hivyo dirishani walinong'onezana kwamba baba anasikia baridi. Mkewe alimwona pia. Siku kama hizo alimwekea chai yenye sukari zaidi.

Habari za kiapo hazikuchelewa kufika machinjioni, na mtu aliyezifurahia kuliko wote ni msimamizi. Huyu walimwita Bwana Filimbi. Alikuwa na kitambi cha kutangulia na mkono mwepesi wa kofi, na kwa miaka mingi alikuwa amewazaba vibao wafanyakazi wote isipokuwa Nyundo, kwa sababu ambayo kila mtu aliielewa. Sasa mlango umefunguka. Siku ya kwanza alimsukuma kidogo begani, akangoja. Nyundo akachomeka mikono kwapani. Siku ya pili akampiga kofi la kisogo, akangoja tena. Wiki haikuisha kabla hajamzaba kibao cha uso mbele ya watu, akasema, "Jamani, nyundo imetoka mpini!" Watu wakacheka kwa woga. Mchunaji peke yake hakucheka. Huyu alikuwa rafiki wa Nyundo wa siku nyingi, bingwa wa kuchuna ngozi na wa maneno ya kuchekesha, na cheko lake lilijulikana mpaka barabarani.

Sasa habari ya filimbi, maana bila filimbi hakuna kisa. Zamani kidogo fahali mmoja alivunja lango la zizi akaingia ndani, watu wakakimbia ovyo visu mkononi, na mkata nyama mmoja akachomwa tumbo na mwenzake aliyekuwa akimkimbia fahali yule yule. Fahali mwenyewe hakumgusa mtu. Tangu hapo msimamizi alivaa filimbi shingoni na kuweka sheria: ikilia, achia chochote kilichomo mkononi, nyoosha mikono juu, simama. Hakuifundisha sheria hiyo kwa mdomo. Aliipuliza ghafla katikati ya kazi, kisha akapita kwenye mstari, na aliyemkuta ameshika kisu alichapwa mpaka akaona nyota mchana. Watu wakajifunza. Ikafika mahali mikono yao ilisikia filimbi kabla ya masikio. Mchunaji aliwahi kuvuka barabara na trei ya mayai, askari wa barabarani akapuliza filimbi yake kumsimamisha mwendesha lori. Mayai yote yakaenda chini, na Mchunaji akasimama katikati ya njia mikono juu, magari yakimpigia honi.

Mwaka huo hakuna aliyekatwa kidole, na mwenye machinjio, mtu aliyeonekana kwa nadra na daima kupitia kioo cha gari, aliamua kuwapongeza kwa siku moja ya kuteremka mto kwa maboti ya mpira. Aliye na mwenzi aje naye. Wachinjaji walifika mtoni asubuhi wamevaa kana kwamba wanakwenda kanisani, viatu vimeng'arishwa, na mkata nyama mmoja alikuja na tai.

Waliokuwa na mke wa Nyundo kwenye boti la pili ni hawa: Nyundo mwenyewe, Bwana Filimbi, Mchunaji, na wakata nyama wawili ambao hawakuacha kuulizana kama maji yale yana mamba. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono iliyokomaa kwa kasia. "Niiteni Dada wa Mto," alisema. "Hata mama yangu ananiita hivyo siku hizi." Aliwagawia kofia ngumu, makasia na majaketi ya kuelea, akapita akivuta mikanda ya kila mmoja kuhakikisha imebana. Kwa Bwana Filimbi mkanda haukufika. Akamletea jaketi kubwa zaidi, akalikataa.

"Hiki kitambi kinaelea chenyewe, dada. Wewe shughulika na hawa."

"Baba, bila jaketi lililofungwa sikupandishi."

Akalivaa lile dogo, akashika kingo zake kwa mkono ili lionekane limefungwa, na Dada wa Mto alipogeuka akaliacha wazi. Ukweli ni kwamba hakujua kuogelea hata kidogo, na badala ya kusema hivyo aliona afadhali kupiga kelele.

"Sasa nisikilizeni," Dada wa Mto aliendelea. "Kuna mahali panaitwa Kinu. Pale maji yanatwanga, hamtanisikia hata nikipasua koo. Kwa hiyo nitapuliza filimbi. Mkisikia filimbi, pigeni kasia kwa nguvu zenu zote, msiache, mpaka tutoke upande wa pili. Mkiacha, mkondo unatuvuta kwenye mwamba. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" wakaitikia wote kwa pamoja, wachinjaji wa miaka mingi, na hakuna hata mmoja aliyejitazama mikono.

Mke wa Nyundo akauliza mtu akianguka afanye nini. Dada wa Mto akamwambia alale chali, miguu mbele, aache jaketi limbebe. "Na mtu akikung'ang'ania, usimwonee haya. Mwenye hofu ya maji anakupanda kama ngazi, awe mumeo awe nduguyo. Mpige, ujinasue, halafu ndipo umsaidie."

Bwana Filimbi akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Shemeji, wewe ukishikwa utakufa bure. Huyu wako hapigi hata mbu."

Nyundo akatazama maji. Mikono ilikuwa imeshafika kwapani.

Sehemu ya kwanza ya mto haikuwa mbaya. Maji yalikimbia, boti likaruka na kutua, wakata nyama wakaita mama zao, na hata mke wa Nyundo akapiga vigelegele. Kilichoharibu ni Bwana Filimbi. Alikaa nyuma ya Nyundo, na kila Dada wa Mto alipoamuru kupiga kasia, yeye alipiga kasia lake kwenye kofia ya Nyundo. "Vuta, wewe! Vuta!" Ko. "Umelala?" Ko. Mara ya kwanza watu walidhani ni mchezo. Mara nyingine kasia likateleza kutoka kwenye kofia likamchana Nyundo mdomo, na damu ikamchuruzika hadi kwenye jaketi. Alilamba damu, akaendelea kuvuta. Mkewe, aliyekaa upande wa pili, aliona yote. Aligeuka akamtazama Bwana Filimbi machoni, akamwambia, "Msimamizi, unamuumiza."

"Ninamwamsha, shemeji."

Mchana walisimama kwenye ukingo wa mchanga kula mikate na mayai waliyobebewa. Boti la kwanza lilikuwa limetangulia na halikuonekana tena. Mchunaji, ambaye hakuweza kukaa na ulimi wake kimya hata akiwa amelowa chepechepe, akasimama juu ya jiwe, akatoa tumbo nje, akashika kingo za jaketi lake kwa vidole viwili, akaiga sauti: "Hiki kitambi kinaelea chenyewe, dada!" Wakata nyama wakavunjika mbavu. Dada wa Mto naye akashindwa kujizuia. Kilikuwa kicheko cha dhati, cha kwanza siku hiyo.

Bwana Filimbi aliweka mkate chini. Alimfuata Mchunaji polepole, akamvuta mguu akaanguka kutoka juu ya jiwe, na kabla hajainuka akamkanyaga kifuani. Halafu akamwinamia na kumpiga. Hakumpiga kofi safari hii. Alimpiga ngumi, kwenye jicho, puani, kwenye jicho lile lile tena, akipumua kwa nguvu baada ya kila moja kama mtu anayepasua kuni. Ngozi ya juu ya jicho ilifunguka. Mchunaji alijaribu kusema neno, pengine mzaha mwingine, ngumi ikamfunga mdomo. Dada wa Mto alimrukia Bwana Filimbi mgongoni, akatupwa pembeni. Wakata nyama walisimama na mikate yao mdomoni.

Na Nyundo? Nyundo alisimama hatua chache tu kutoka pale, mikono kwapani. Alijibana mpaka vidole vikafa ganzi. Kila ngumi iliyotua kwa rafiki yake aliisikia mfupani. Alimtazama mkewe, na mkewe alikuwa akimtazama yeye, wala si wale waliokuwa chini. Basi hakusogea. Bwana Filimbi alichoka mwenyewe, akaosha mikono mtoni, akarudi kwenye mkate wake.

Mke wa Nyundo alivua kitambaa chake cha kichwani, akamfunga Mchunaji jicho. Damu ikapenya. Mchunaji alitema mate mekundu mchangani, akamgeukia rafiki yake kwa lile jicho moja lililobaki wazi.

"Ulikuwa unaangalia nini pale?" akamuuliza. "Mpira?"

Aibu ilimpanda Nyundo, aibu nzito ambayo hajawahi kuionja tangu enzi za kuinama kwa baba yake. Walipokuwa wakirudi kwenye boti mkewe alimshika kiwiko, akamwambia kwa ile sauti yake ya chini, "Asante. Najua ilivyokugharimu." Ungedhani maneno hayo yangempoza. Yalimchoma. Alitaka kumwambia kwamba hakuna cha kumshukuru, kwamba ameuza rafiki, lakini Dada wa Mto alikuwa tayari anawaita.

Dada wa Mto hakuwa na utani tena. Alitaka tu kuwafikisha mwisho wa safari, awakabidhi, alale. Alimkalisha Bwana Filimbi upande wa mke wa Nyundo, mbali na Mchunaji na mbali na kofia ya Nyundo, akidhani amefanya la busara.

Kinu walikisikia kabla ya kukiona. Kwanza kama lori linalopanda mlima, halafu kama malori mengi. Mto ulibanwa na miamba pande mbili, maji yakageuka meupe, na katikati kulikuwa na mwamba mweusi wenye ncha, mkondo wote ukiuelekea. Boti likachomoka. Dada wa Mto alisimama nyuma, akalikaza kasia lake la usukani, akaweka filimbi mdomoni, akapuliza kwa pumzi yake yote.

Makasia yakaanguka mtoni.

Mikono ikapaa juu. Wote: Mchunaji na kitambaa chake cha damu, wakata nyama wawili, Nyundo, na Bwana Filimbi mwenyewe aliyeitunga sheria, aliyeichapa ndani ya watu wake mpaka ikamwingia na yeye. Walikaa hivyo, viganja vimefunguka, wameduwaa, wakiyatazama makasia yakienda zao. Aliyebaki na kasia ni fundi cherehani peke yake. Alivuta, akavuta tena, akamgeukia mumewe kwa mshangao. Dada wa Mto alipuliza kwa mara ya pili akidhani hawajasikia, na mikono ikanyooka zaidi.

Boti likaugonga mwamba ubavuni, likapanda juu yake, likapinduka.

Nyundo alitwangwa. Maji yalimkunja, yakamkunjua, yakamburuza juu ya mawe, yakampiga goti, kifua, kofia ikapasuka. Alimeza mto. Alipotolewa juu kwa jaketi lake alikuwa ameshavuka Kinu, kwenye dimbwi pana lenye maji ya kuzunguka, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumtafuta mkewe. Aliona boti lililopinduka, Mchunaji na wakata nyama wameng'ang'ania kamba zake. Alimwona Dada wa Mto akiogelea kutoka mbali, kwa nguvu, akipiga kelele zisizosikika. Halafu akaona jaketi dogo la Bwana Filimbi likielea peke yake, tupu.

Mwenyewe alikuwa juu ya mke wa Nyundo. Alikuwa amemshika mabega kwa mikono miwili na kumpanda, magoti kifuani mwake, akinyoosha shingo yake kutafuta hewa, na kadiri alivyopanda ndivyo alivyomzamisha. Kichwa cha mwanamke kiliibuka, kikafungua mdomo, kikarudi chini. Macho ya Bwana Filimbi yalikuwa wazi lakini hayakuona mtu. Mtu aliyekuwa chini yake angeweza kuwa gogo.

Nyundo aliwafikia. Alimshika Bwana Filimbi mkono, akauvuta, haukutoka. Alimshika kidole kimoja kimoja, akivibandua, na alichokibandua kilirudi. "Muache!" alimfokea sikioni. "Muache, utamuua!" Akamkaba kiuno, akavuta, wakazama wote watatu, wakaibuka wote watatu. Alikuwa na mikono iliyoangusha mafahali, na alikuwa akiitumia kama mtu anayefungua fundo la kamba ya kiatu. Alijua kabisa la kufanya. Hakuthubutu kulifanya mbele ya macho ya mkewe.

Mkewe aliibuka tena. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Alimtafuta mumewe, akampata, na kwa hewa yote iliyokuwa imebaki ndani yake akapiga kelele, yeye ambaye hakuwahi kupandisha sauti:

"Mpige!"

Akampiga. Ngumi moja, chini ya sikio, mahali anapopajua kuliko fundi yeyote. Bwana Filimbi alilegea mwili mzima, vidole vikafunguka, mwanamke akatoka. Dada wa Mto alikuwa ameshafika. Alimdaka mke kwa mkanda wa jaketi, akamgeuza chali, akaanza kumvuta kuelekea ukingoni huku akimsemesha. Mke alikohoa, akatapika maji, akavuta pumzi. Alikuwa hai. Nyundo aliona kwamba yu hai, na moyo wake ukajaa kiasi kwamba alilia mle mle majini.

Kisa kingeweza kuishia hapo, na wangeendelea kuishi vizuri.

Lakini kulikuwa na Bwana Filimbi wa kuokoa. Nyundo alimkamata kola ya shati, akamkokota kwenye dimbwi mpaka miguu ikagusa chini, akamtoa hadi kwenye mchanga. Alimgeuza ubavu, akambonyeza tumbo, maji yakatoka. Bwana Filimbi alikohoa. Alifungua macho, safari hii macho ya mtu anayeona, akamtambua aliyemwinamia. Hakusema neno baya. Alisema, "Basi, kaka. Basi." Na akajikinga uso kwa kiganja.

Labda ni kile kiganja. Labda ni kuinama kule, ambako Nyundo alikujua tangu mtoto, na sasa alikuwa akikuangalia kutoka upande wa pili. Ngumi ilikuwa imeshatoka mara moja siku hiyo na mbingu hazikuanguka. Aliukunja mkono, akampiga mdomoni. Alipoona damu akapiga tena. Hii ya kofi la kisogo. Hii ya kasia. Hii ya jicho la Mchunaji, na hii, na hii. Taya lilivunjika, alilisikia likivunjika, na hakusimama. Tuseme ukweli: aliona raha. Mwaka mzima aliokuwa ameubana kwapani ulimtoka kwa mikono yote miwili, na mwili wake ukawa mwepesi kama wa mtu aliyetua mzigo. Mchunaji alikuja mbio kutoka ukingoni lilipokwama boti, akamshika bega, akisema inatosha, inatosha jamani, kashakoma. Nyundo alirusha kiwiko bila kugeuka, kikampata Mchunaji kwenye jicho lile lile lililofungwa kitambaa. Mchunaji akakaa chini akajishika uso. Wakata nyama hawakusogea karibu. Bwana Filimbi hakuwa akijikinga tena.

Nyundo alichoka. Alibaki amepiga magoti juu ya yule mtu, akihema, ngumi zimechubuka, akatabasamu bila kujijua. Ndipo alipoona miguu ya mkewe mchangani.

Alikuwa amesimama pale kwa muda gani, hakuna anayejua. Nywele zimemshika usoni, mabega yana alama nyeusi za vidole vya Bwana Filimbi, Dada wa Mto amemshika kiuno asianguke. Alimtazama Bwana Filimbi, uso ambao haukuwa uso tena, jicho moja limefumba namna ambayo madaktari hawakuweza kulifumbua baadaye. Akamtazama Mchunaji. Halafu akamtazama mumewe.

"Nilikuwa nakuokoa," Nyundo alisema.

"Uliniokoa." Sauti ilikuwa imerudi chini, imekwaruzwa na maji. "Ile ya mtoni nilikuomba mimi. Ni yangu, nitaibeba, na Mungu akiuliza nitasema ni yangu. Hizi nyingine zilikuwa za nani?"

Alisubiri. Hayakuwa maneno ya kumalizia ugomvi; alitaka jibu, na alimpa nafasi ya kulitafuta. Nyundo alilitafuta. Angeweza kusema za Mchunaji, lakini Mchunaji alikuwa pale amekaa na jicho linalovuja kwa kiwiko chake. Angeweza kusema alimkumbuka yeye akizama, na haikuwa kweli. Tangu ngumi ya pili hakuwa amemkumbuka hata kidogo. Alikuwa amempenda mwanamke huyu miaka yote bila kumdanganya, na hakutaka kuanza leo.

"Zangu," alisema.

"Basi baki nazo."

Alivua jaketi la kuelea, akaliweka juu ya jiwe, akaanza kupanda njia ya kwenda barabarani, peku, akishikilia vichaka. Nyundo alibaki amepiga magoti. Dada wa Mto aliita wakata nyama waje wambebe msimamizi, kisha akamkimbilia yule mwanamke ili asipande peke yake.